Barabara ya Uwanda wa Ruzizi na Mji wa Sange: Historia ya Njia ya Mizigo kati ya Uvira na Bukavu

Makala haya yanahusu barabara moja na mji mdogo mmoja. Barabara ni ile itokayo Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ikaufuata Uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, kisha ikapanda milimani mpaka Bukavu. Katika daftari za serikali ni sehemu ya Barabara ya Taifa Namba 5. Mji ni Sange, uliomo ndani ya uwanda huo, mwendo usio mrefu kaskazini mwa Uvira. Anayelitafuta jina la Sange katika magazeti ya nje atalikuta mara nyingi limefungamanishwa na tarehe moja, 2 Julai 2010, siku lori la mafuta lilipopinduka mjini humo, likashika moto na kuua zaidi ya watu 230. Baada ya hapo jina hutoweka, kana kwamba mji ulizaliwa jioni ile na kufa jioni ile ile.

Nia yetu ni kuonyesha kwamba moto ule ulikuwa na historia ndefu nyuma yake. Barabara hii tangu mwanzo ilifikiriwa kwa ajili ya mizigo ipitayo, na watu waliokaa kando yake walihesabiwa ama kama nguvu ya kuitengeneza ama kama kizuizi cha mwendo. Kila ilipotengenezwa upya, ilitengenezwa kwa kipimo hicho hicho. Jambo hili si la kale tu. Kila yanapofufuka mazungumzo ya kuitia lami na kuifanya tawi la Ushoroba wa Kati, yaani njia ya bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam kuja nchi za Maziwa Makuu, hufufuka kwa lugha ile ile ya tani na saa. Mwandishi ni mtu wa isimu kuliko wa historia. Kwa hiyo msomaji asishangae akikuta hapa maneno ya barabarani yakiitwa kutoa ushahidi pamoja na tarehe.

Msafara, pagazi na hongo

Kabla ya barabara palikuwa na njia za miguu, na kabla ya lori palikuwa na mabega ya watu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliokwisha kuweka makao Ujiji walipanda ziwani hadi Uvira kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Uvira ndipo Richard Burton na John Speke walipofika Aprili 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki humo. Habari hiyo iliwavunja moyo, maana walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Livingstone na Stanley walikwenda kuuangalia mdomo wa mto kwa macho yao mwishoni mwa mwaka 1871, wakakuta wenyeji walisema kweli. Twalitaja jambo hili si kwa heshima ya wasafiri hao, ambao wamekwisha kutajwa vya kutosha, bali kwa sababu laonyesha jinsi uwanda huu ulivyoingia katika maandishi ya wageni: waliuliza maji yanakwenda wapi, wala hawakuuliza sana ni nani anayelima kando yake.

Misafara hiyo ndiyo iliyoleta tabaka la kwanza la msamiati wetu wa njia: msafara wenyewe, mzigo, pagazi, hongo. Neno hili la mwisho lastahili kukaliwa kidogo. Katika siku za misafara hongo lilikuwa ushuru wa njia. Kiongozi wa msafara alimpelekea mwenye nchi nguo, shanga au waya wa shaba, naye mwenye nchi akamruhusu kupita, kuteka maji na kununua chakula. Yalikuwa mapatano ya wazi, tena yaliweza kuchukua siku kadhaa, na wasafiri wa Kizungu wameyalalamikia kurasa kwa kurasa. Katika Kiswahili sanifu cha leo hongo ni mlungula tu. Maana imeshuka kutoka haki ya mwenye nchi hadi kosa la mwenye bunduki au mwenye muhuri. Huku kwetu Kivu dereva hasemi sana hongo. Husema amelipa bariyeri, neno la Kifaransa ambalo kwa asili ni ule mti uliolazwa njiani. Kizuizi na malipo yake vimekuwa kitu kimoja, na kilichokuwa upande wa pili wa mapatano, yaani ulinzi na maji, kimetoweka katika neno kama kilivyotoweka njiani.

Mto kugeuka mpaka, njia kugeuka barabara

Mnamo mwaka 1910 Wajerumani na Wabelgiji walimaliza ubishi wao juu ya Kivu, na mto Ruzizi ukawa mpaka. Tokea hapo njia ya uwanda ilianza kwenda sambamba na mpaka wa dola, hali ambayo imeiletea heri kidogo na balaa nyingi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, bonde hili lilikuwa uwanja wa jeshi la Kongo ya Kibelgiji, nalo ndilo lililovuka kuingia Burundi na kufika Kitega Juni 1916. Jeshi hilo lilibebwa na wapagazi. Yule pagazi wa pembe za ndovu akawa pagazi wa risasi, na tofauti kwake haikuwa kubwa.

Kilichobadilisha mambo ni reli za mbali. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ikafika ziwani, penye Kalemie ya leo, mwaka 1915. Ziwa Tanganyika likawa ua katikati ya milango miwili. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari huko Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, sehemu ambazo wafanyakazi wa bandari waliziita Belbase. Hivyo mzigo wa Ubelgiji ungeweza kushuka Dar es Salaam, ukaja kwa treni hadi Kigoma, ukavuka kwa meli hadi Kalundu, bandari ya Uvira, bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Kilichobaki ni kama kilomita 130 za mwisho, kutoka Kalundu kwenda Bukavu, na hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote zilizotangulia.

Ugumu wenyewe ni wa maumbile. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi, Ziwa Kivu kwenye meta 1,460. Uwanda wa Ruzizi ni tambarare, na barabara humo inanyooka. Lakini kila baada ya mwendo mfupi hukatwa na mto ushukao kwa ghafla kutoka milima ya magharibi: Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Baada ya Kamanyola tambarare huisha, na gari hukutana na mteremko wa Ngomo, ukuta wa mlima ambao barabara imechongwa ubavuni mwake, nyembamba kiasi kwamba magari mawili makubwa hayawezi kupishana popote dereva apendapo. Kwa hiyo njia hii ina maradhi mawili yasiyofanana. Kule juu ni wembamba na maporomoko. Huku chini ni maji, na mwendo wa kasi wa madereva waliookoka mlimani au wanaotaka kuufikia kabla ya giza.

Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo ilikabidhiwa ardhi kubwa ili igawiwe walowezi na makampuni. Kahawa, chai na kwinini za nyanda za juu zilihitaji mlango wa kutokea, nao ulikuwa Uvira. Katika miaka ya 1930 palikuwa na reli ndogo iliyotoka bandarini kuvuka uwanda hadi Kamanyola, isiyofika kilomita 100, nayo iliachwa kabla ya uhuru. Wazee wa uwanda wangali wakiitaja. Kuachwa kwake kuna sababu ambayo kila mchukuzi ataielewa: mzigo ulitolewa melini ukapandishwa kwenye behewa, kisha huko Kamanyola ukatolewa kwenye behewa ukapandishwa kwenye kamyo ili upande Ngomo. Kamyo ikishakuwepo, kwa nini isiushike mzigo tangu bandarini? Reli ilishindwa na lori si kwa nguvu bali kwa idadi ya mikono. Ni somo ambalo watayarishaji wa miradi ya leo, wapendao kuchora ramani za reli mpya juu ya karatasi nzuri, wangelitazama mara mbili.

Na hiyo barabara iliyoishinda reli ilitengenezwa na nani? Amri ya mwaka 1933 juu ya utawala wa wenyeji katika Kongo ya Kibelgiji iliruhusu kuwatumikisha watu wa tarafa za machifu hadi siku 60 kwa mwaka katika kazi za lazima, pamoja na kilimo cha lazima. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili muda huo uliongezwa hadi siku 120. Kufyeka kingo, kuchimba mifereji, kujaza mashimo kwa kifusi na kutengeneza madaraja ya miti vilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Hapo ndipo lilipoingia tabaka la pili la maneno: kamyo, shofere, bariyeri, na zaidi ya yote kantonye, yaani mtu aliyekabidhiwa kipande cha barabara akitunze kwa koleo na toroli. Kwa jumla watawala walipenda vijiji vikae kando ya barabara badala ya kutawanyika mashambani, ili watu wahesabike kwa urahisi, walipe kodi na wapatikane kwa kazi. Hivyo basi msongamano wa nyumba ukingoni mwa barabara, ambao wahandisi wa leo huuita uvamizi, ulikuwa kwa sehemu kubwa utii. Waliosogezwa barabarani kwa amri wajukuu wao waambiwa wamekaa mahali pasipo halali.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Kila mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili amefundishwa jozi hii: barabara yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ni njia kuu, na barabara yenye mkazo uliosogea nyuma silabi moja, ambayo maana yake ni sawasawa, kama inavyotakiwa. Wanafunzi wangu watokao uwandani huicheka jozi hiyo kila mwaka, nao hawacheki fonolojia.

Jina la vita na mashimo ya amani

Baada ya uhuru barabara ilipata umaarufu wa aina nyingine. Mei 1964 waasi walitwaa Uvira, na mapigano ya kuwazuia wasipande Bukavu yalitokea Kamanyola. Mobutu, wakati huo mkuu wa jeshi, alikuwapo mwenyewe, na alipochukua nchi mwaka 1965 akalifanya jina la Kamanyola kuwa alama ya utawala wake: divisheni ya jeshi iliitwa Kamanyola, viwanja vya michezo viliitwa Kamanyola, meli yake iliyopita mto Kongo iliitwa Kamanyola. Sijui kama kuna mahali pengine katika nchi yetu ambapo jina limesafiri mbali namna hii na barabara yake ikabaki nyuma namna hii.

Mwaka 1971 iliundwa Office des Routes, idara ya kutunza barabara za nchi nzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, rais alitangaza kuwapokonya wageni mali zao za biashara na mashamba, na yaliyofuata yanajulikana: vipuri viliadimika, mashamba yakafa, malori yakasimama. Salongo, kazi ya jumuiya iliyoitwa kwa jina la Kilingala, ilirudisha koleo mikononi mwa wanavijiji bila mshahara. Tabaka hili la tatu la msamiati ni jembamba, lakini linasema mengi. Kantonye alikuwa na kipande chake na mshahara, ingawa mdogo. Mtu wa salongo alikuwa na siku yake tu.

Polepole ikajitokeza hali ya ajabu ambayo msomaji wa Bukavu ataitambua mara moja. Kwa kuwa Ngomo ilitisha, na ng'ambo ya mto kulikuwa na barabara iliyo bora, magari yatokayo Uvira yalizoea kufika Kamanyola, kuvuka kuingia Rwanda penye Bugarama, kupanda upande wa Cyangugu, kisha kuvuka tena Ruzizi kuingia Bukavu. Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, ilirahisisha karatasi za kuvukia. Lakini fikirini maana yake: mama wa Sange apelekaye unga wa muhogo au mchele kwenye makao makuu ya mkoa wake alipaswa kutoka katika nchi yake na kuirudia siku hiyo hiyo, akipita mbele ya meza nne za wenye mihuri. Rwanda ilipofunga mipaka Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, njia hiyo ilikatika, na Ngomo ikarudi kuwa ndiyo barabara.

Juu ya vita vilivyofuata sitasema mengi, kwa kuwa wengi wameandika na wengi zaidi wanakumbuka. Kuanzia 1993 na 1994 wakimbizi wa Burundi na Rwanda walijaa katika makambi ya uwandani. Oktoba 1996 vita vilianza Kivu ya Kusini. Mwezi huo huo hospitali ya Lemera, ambayo njia yake hupanda milimani kutoka uwanda huu, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Uvira ikaanguka, kisha Bukavu. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, mteja mkubwa wa barabara hii kati ya Sange na Uvira, kilinyamaza mwaka huo. Jeshi lolote lililotaka Bukavu au Uvira lilipita Sange, na lililoshindwa lilirudi kwa njia ile ile. Uchunguzi wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu zote mbili, vya jeshi, vya makundi yenye silaha na vya idara za serikali. Hongo bila maji wala ulinzi.

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, nayo ilikuwa siku ya robo fainali za Kombe la Dunia lililochezwa Afrika ya Kusini. Ghana, timu ya mwisho ya Afrika iliyobaki, ilikuwa icheze na Uruguay. Watu wengi wa Sange walikuwa wamekusanyika penye televisheni, katika kibanda cha video kilichokuwa karibu na barabara, kama kila kitu huko kilivyo karibu na barabara. Lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka mjini. Taarifa za siku zile zilisema lilikuwa likipishana na gari jingine. Mafuta yakamwagika, watu wakakusanyika, wengine na vyombo vya kuchotea. Kisha moto ukalipuka, ukazishika nyumba za udongo na nyasi pamoja na kibanda kile. Helikopta za Umoja wa Mataifa zilisaidia kuwachukua majeruhi kwenda hospitali. Waliokufa wengi hawakutambulika, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Simulizi lililoenea duniani lilikuwa fupi: maskini walikwenda kuiba mafuta, wakaungua. Naona simulizi hili lina upungufu mkubwa. Halimtaji mtu aliyekuwa ameketi akiangalia mpira. Halimtaji mtoto aliyelala katika nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa hatua chache kutoka penye magurudumu. Hata kuhusu wale waliochota, neno kuiba lahitaji kupimwa. Mafuta yaliyokwisha kumwagika mferejini hayarudi katika tangi, na katika mji ambapo lita moja ya petroli huuzwa kwa chupa ukingoni mwa barabara, mafuta chini ni fedha chini. Hakuna aliyewafundisha kwamba mvuke wa petroli huenea mbali kuliko petroli yenyewe, na kwamba cheche hutosha. Hapakuwa na gari la zimamoto la kuitwa. Elimu hiyo haikuwamo katika barabara, kwa sababu barabara ilitengenezwa kwa ajili ya lori, na lori lilikuwa lipite tu.

Je, lami ingaliwaokoa? Swali hili huulizwa kwa haraka, na hujibiwa kwa haraka zaidi na wapendao lami. Historia ya jirani zetu inatutaka tuwe waangalifu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka Sachangwan, nchini Kenya, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda magharibi. Watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 likawaka jingine Msamvu, mjini Morogoro, Tanzania, na huko nako waliokufa walikuwa wapata mia moja. Zote mbili ni barabara za lami, miongoni mwa njia bora za Afrika ya Mashariki, na ya Morogoro ndiyo hasa shina la ule Ushoroba wa Kati ambao barabara yetu inatamani kuwa tawi lake. Lami haikuzuia lolote kati ya hayo. Tena lami huongeza kasi. Katika uwanda ulionyooka kama ule wa Ruzizi, dereva ambaye leo hupunguzwa mwendo na mashimo, kesho hatapunguzwa na kitu ila akili yake.

Sisemi kwamba mashimo ni ulinzi. Barabara mbovu huua kwa namna nyingine, kimya kimya: mzazi asiyefika Uvira kwa wakati, nyanya zinazooza njiani, bei ya chumvi. Nasema tu kwamba katika Sange swali la lami na swali la usalama ni maswali mawili, na la kwanza limekuwa likilimeza la pili.

Kuboresha kwa ajili ya nani

Mwaka 2006 Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo zilitia saini mapatano ya kuunda wakala wa kurahisisha usafirishaji katika Ushoroba wa Kati. Mwaka 2008 Kongo iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaojazwa na tozo za mafuta na ada za njiani. Vyombo viko, basi. Lakini vipimo vya vyombo hivi ni siku ambazo kontena hukaa bandarini, saa za kuvuka mpaka, gharama kwa tani kwa kilomita. Ni vipimo halali, na mfanyabiashara wa Bukavu anayengoja saruji au mafuta ana haki ya kuvidai. Ila mtu wa Sange haonekani katika hesabu hizo. Yeye hasafirishi kontena. Anatembea ukingoni na mzigo kichwani, anaendesha baiskeli yenye magunia mawili ya makaa, au ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, neno la tabaka la nne na jipya kabisa. Safari zake ni fupi, nyingi, na za kukata barabara badala ya kuifuata.

Barabara ikitakiwa kumfaa huyu pia, kazi kubwa haimo katika lami bali pembeni mwake: njia ya waendao kwa miguu iliyotengwa kwa ukingo wa mawe, mifereji mirefu ya kuyapokea maji ya milimani kabla hayajafika mjini, matuta ya kupunguza mwendo kwenye maingilio yote mawili, na mahali pa malori ya mafuta kulala nje ya makazi. Uvira ilionyesha Aprili 2020, mito ilipofurika na kubomoa nyumba na madaraja, nini huwapata watu wa uwanda huu maji yakikosa njia. Kuhusu barabara ya kuuzunguka mji, ambayo wengine huipendekeza, nina mashaka. Mji uliozaliwa na barabara huifuata barabara. Baada ya miaka 10 vibanda vyote vitakuwa vimehamia kwenye njia mpya, na tutakuwa tumehamisha hatari badala ya kuiondoa. Ni afadhali soko lipewe uwanja nyuma ya mstari wa kwanza wa nyumba, na milango mingi ya kulifikia, wala lisipelekwe mbali. Muuzaji wa ndizi akipelekwa mbali na macho ya abiria atarudi alfajiri ya pili.

Yote haya yalipata pigo mwaka 2025. Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, kisha Kamanyola, na barabara ikakatwa na mstari wa vita. Desemba mwaka huo huo mapigano yakashuka uwandani hadi Sange na Uvira. Mipango ya barabara haiwezi kuzungumzwa kana kwamba hayo hayakutokea. Lakini historia tuliyoipitia ina jambo moja la kutuonya: kila baada ya vita barabara hii hutengenezwa kwa haraka, na haraka ndiyo wakati ambapo wakaao kando yake hawaulizwi.

Kuna kazi hapa ambayo ni yetu sisi watu wa lugha. Hati za miradi ya barabara huandikwa kwa Kifaransa, na wakopeshaji huzisoma pia kwa Kiingereza. Watu wa Sange husema Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili. Neno la Kifaransa «emprise», ambalo ndilo huamua nyumba ipi itabaki na ipi itabomolewa, halina neno lililozoeleka katika Kiswahili cha Kivu. Watanzania husema hifadhi ya barabara, na kwa sheria yao ya mwaka 2007 hifadhi hiyo ina upana wa meta 60 katika barabara kuu. Ni neno zuri kwa sauti, lakini mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani ni nani anayehifadhiwa humo, nami naona swali lake lina uzito wa kisemantiki. Huenda ukanda wa barabara ungefaa zaidi, kwa kuwa hautoi ahadi usiyoitimiza. Vivyo hivyo yahitaji kupatikana maneno ya fidia ya mpangaji ambaye si mwenye nyumba, ya tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa, na ya mfereji wa kupokea maji, tena maneno yatakayoeleweka na mama wa sokoni pamoja na mhandisi. Orodha ya istilahi 30 au 40 ingetosha kwa kuanzia, ikijaribiwa kwanza Sange na Luvungi siku ya soko, kabla wapimaji hawajafika na rangi nyekundu ya kuchorea kuta.